Kiti cha balozi kilichokaa wazi: kisa cha uteuzi wa kusimamia uhuru wa dini, Washington 2009–2011

Kisa hiki kinahusu kiti kimoja katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani: kiti cha balozi anayesimamia uhuru wa dini duniani. Tangu Januari 2009 mpaka Aprili 2011 hakikuwa na mtu. Tukisikia habari za uteuzi wengi wetu hukimbilia kuuliza nani kateuliwa, wa dini gani, ana uzoefu gani. Kisa hiki kinaonyesha maswali mawili mengine yanayoamua zaidi: kateuliwa lini, na anaripoti kwa nani.

Marais, mawaziri na wengine wachache nimewataja kwa majina, maana maamuzi yao ni kumbukumbu za umma. Mteule aliyesubirishwa, seneta aliyemkwamisha na watumishi wa ofisini nawataja kwa nafasi zao tu.

Usuli

Oktoba 1998 Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya uhuru wa dini kimataifa. Seneti ilikuwa imeipitisha kwa kura 98 bila hata moja ya kupinga, jambo ambalo katika Washington ya leo lingehesabiwa muujiza. Sheria hiyo iliunda vyombo viwili ambavyo vimekuwa vikitazamana kwa jicho la pembeni tangu mwanzo.

Cha kwanza ni ofisi ndani ya Wizara, inayoongozwa na balozi asiye na kituo. Hana nchi aliyopangiwa. Eneo lake ni dunia nzima. Rais humteua, Seneti humthibitisha. Cha pili ni Tume huru ya makamishna 9 wasiolipwa mshahara. Rais huteua 3, na 6 waliobaki hutokana na viongozi wa vyama vyote viwili bungeni, kwa hesabu inayokipa chama cha Rais viti 5 na wapinzani viti 4. Balozi huingia kwenye Tume kwa wadhifa wake, ila hapigi kura.

Kazi kubwa za mfumo huu ni mbili. Kuna ripoti ya kila mwaka, nchi kwa nchi, ambayo taarifa zake hukusanywa na balozi za Marekani huko huko zilipo. Kenya na Tanzania zina sura zao humo kama nchi nyingine. Halafu kuna kazi yenye meno: orodha ya nchi zinazotia wasiwasi wa pekee, yaani zile ambazo serikali zake zinatenda ukiukaji mkubwa wa uhuru wa dini au zinaufumbia macho. Nchi ikiingia humo, serikali ya Marekani inatakiwa ichague hatua ya kuichukulia, kuanzia karipio hadi vikwazo, au itangaze msamaha kwa sababu ya maslahi ya taifa. Tume hupendekeza majina. Anayeamua ni Waziri wa Mambo ya Nje, kwa mamlaka aliyokasimiwa na Rais.

Sheria ilimwita balozi huyu mshauri mkuu wa Rais na wa Waziri katika jambo hili. Kwenye mpangilio wa Wizara aliwekwa chini ya idara ya demokrasia, haki za binadamu na kazi, akiripoti kwa waziri msaidizi anayeiongoza. Kwa hiyo mshauri mkuu wa Waziri alikuwa na bosi katikati, na kwenye vikao ambako wakuu wa kanda huzungumza na Waziri ana kwa ana, mara nyingi yeye hakuwa na kiti. Kasoro hiyo ilikuwepo miaka mingi kabla ya 2009.

Hata hivyo kiti kikiwa na mtu anayejua njia za ndani, kazi hufanyika. Balozi wa pili, aliyekaa tangu 2002 hadi Januari 2009, alikuwa amefanya kazi ofisini kwa seneta kabla ya kuja Wizarani. Septemba 2004 Vietnam iliingizwa kwenye orodha. Badala ya kuishia kwenye karipio, alikaa na Wavietnam mezani, na Mei 2005 yakapatikana makubaliano: sheria mpya za dini, makanisa yaliyofungwa yafunguliwe, wafungwa waachiliwe. Novemba 2006 Vietnam ikatolewa. Tume ilipinga vikali, ikisema imetolewa mapema mno, na ubishi huo unaendelea hadi leo. Mimi nauangalia kwa sababu nyingine: unaonyesha kwamba orodha ni chombo cha kujadiliana nacho, na majadiliano yanahitaji mtu mwenye cheo, anayetambulika na serikali ya pili kuwa ndiye wa kufika bei naye.

Mfululizo wa matukio

Tarehe 16 Januari 2009, siku nne kabla ya kuapishwa kwa Barack Obama, serikali iliyokuwa inaondoka ilipitisha orodha ya nchi 8: Burma, China, Eritrea, Iran, Korea Kaskazini, Saudi Arabia, Sudan na Uzbekistan. Kisha balozi akaondoka pamoja na serikali yake.

Juni 2009 Obama alihutubia Chuo Kikuu cha Cairo. Uhuru wa dini aliutaja kuwa jambo la tano kati ya yale ambayo Marekani na ulimwengu wa Kiislamu wanapaswa kuyakabili pamoja. Mwezi huo huo Wizara ilimteua mwakilishi maalumu kwa jumuiya za Waislamu. Novemba akaapishwa mjumbe maalumu wa kupambana na chuki dhidi ya Wayahudi. Februari 2010 Rashad Hussain, mwanasheria kijana wa Ikulu, akateuliwa kuwa mjumbe maalumu kwa OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu ambayo msomaji wa Zanzibar hahitaji kuelezwa: visiwa vilijiunga 1992, vikajitoa 1993 baada ya mtikisiko mkubwa ndani ya Muungano.

Kiti cha balozi wa uhuru wa dini bado kilikuwa kitupu.

Oktoba 2009 ripoti ya mwaka ilitoka. Ya 2010 nayo ikatoka Novemba. Zote zilizinduliwa na Waziri Hillary Clinton akiwa na waziri msaidizi wa idara ya haki za binadamu. Aliyetazama ratiba ya uchapishaji peke yake asingegundua kwamba kuna pengo popote.

Juni 2010, karibu mwaka mmoja na nusu tangu Obama aapishwe, ndipo jina likapelekwa Seneti. Mteule alikuwa mchungaji wa Kibaptisti kutoka New York, mhubiri anayejulikana, aliyewahi kuwa kasisi wa jeshi la polisi la jiji hilo na kukaa kwenye jopo la ushauri la Rais Clinton kuhusu masuala ya rangi. Hakuwa amewahi kufanya kazi ya diplomasia, na wakosoaji hawakulinyamazia hilo. Seneta mmoja wa chama cha upinzani akauzuia uteuzi. Mwaka ukaisha, na kwa taratibu za Seneti jina likafa.

Miezi hiyo ya kusubiri haikuwa shwari. Tarehe 31 Oktoba 2010 watu zaidi ya 50 waliuawa katika shambulio kwenye kanisa la Wakatoliki wa madhehebu ya Kisiria mjini Baghdad. Siku ya mwaka mpya wa 2011 bomu liliua watu zaidi ya 20 nje ya kanisa la Wakopti, Wakristo wa Misri, mjini Alexandria. Tarehe 4 Januari gavana wa jimbo la Punjab nchini Pakistan, Salmaan Taseer, aliyekuwa akiitetea haki ya mwanamke Mkristo aliyehukumiwa kifo kwa kukufuru, alipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe. Tarehe 2 Machi akauawa Shahbaz Bhatti, waziri wa Pakistan wa masuala ya wachache, mwezi mmoja tu baada ya kukutana na Waziri Clinton mjini Washington.

Jina la mchungaji lilirudishwa Seneti Februari 2011. Aprili akathibitishwa kwa kura ya sauti, bila kuhesabu. Agosti 2011 Wizara ikatoa orodha mpya ya nchi zinazotia wasiwasi, ya kwanza tangu Januari 2009. Zilikuwa nchi 8, zile zile.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoharakisha. Serikali mpya iliingia ikirithi vita vya Iraq na jina baya katika nchi nyingi za Kiislamu. Mabalozi wawili wa kwanza wa kiti hiki walikuwa Waprotestanti wa mrengo wa kiinjili, na mmoja wao alikuwa ameliongoza tawi la Marekani la World Vision, shirika la misaada la Kikristo. Cairo, Riyadh na Islamabad kulikuwa na wengi waliouona mfumo mzima kuwa mkono wa makanisa ya Marekani uliovaa koti la serikali. Ninavyousoma mfuatano wa teuzi za 2009 na 2010, Ikulu ilitaka kwanza kujenga uhusiano kupitia milango mingine, na kiti hiki kikasogezwa nyuma ya foleni. Sababu hiyo ina mantiki. Shida yake ni kwamba sheria haikuwa imesimamishwa kusubiri uhusiano ukomae.

Uamuzi wa pili ulihusu aina ya vyeo. Mwakilishi kwa jumuiya za Waislamu, mjumbe kwa OIC, mjumbe wa chuki dhidi ya Wayahudi: wakati huo hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kura ya Seneti. Rais au Waziri alisaini, kazi ikaanza. Balozi wa uhuru wa dini ndiye aliyelazimika kupita kwenye mlango huo mwembamba. Sheria iliweka uthibitisho wa Seneti ili kumpa balozi heshima na nguvu. Heshima hiyo hiyo ndiyo iliyomchelewesha, na wenye vyeo vyepesi wakamtangulia ofisini kwa mwaka na zaidi.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa yule seneta. Katika Seneti ya Marekani mtu mmoja akikataa kutoa ridhaa, uongozi hulazimika kutumia siku za kikao ili kupitisha jina ambalo vinginevyo lingepita kwa dakika moja. Kwa jaji wa Mahakama ya Juu siku hizo zinapatikana. Kwa balozi asiye na kituo, mwishoni mwa mwaka wa uchaguzi, hazipatikani. Kejeli yake ni kwamba aliyezuia alitoka katika mrengo unaopiga kelele zaidi kuliko wote kuhusu mateso ya Wakristo duniani. Hoja ya uzoefu mdogo wa mteule ilikuwa halali, na kuisema kwenye kikao cha mahojiano kungetosha. Kukiacha kiti kitupu kwa miezi mingine hakukumpa mteule uzoefu wowote.

Uamuzi wa nne haukutangazwa na mtu kwa sababu ulikuwa wa kutokufanya: orodha haikuguswa kwa miaka miwili na nusu. Majina ya nchi hayafutiki yenyewe, ila hatua zilizoambatana nayo kisheria hukoma baada ya miaka 2 zisipohuishwa. Zile za Januari 2009 zilifika mwisho wake Januari 2011, na hazikuhuishwa hadi Agosti. Fikiria ni nani ndani ya Wizara angepigania kuhuishwa kwake. Kanda ya Mashariki ya Kati ina Saudi Arabia ya kuitunza. Kanda ya Asia ya Kati ina Uzbekistan, ambako tangu 2009 ilipita njia ya kaskazini ya kupelekea mizigo majeshi yaliyokuwa Afghanistan. Kila mkuu wa kanda ana sababu nzuri ya kusema "si wiki hii". Wa kusema "ni wiki hii" hakuwepo.

Matokeo

Balozi mpya alihudumu hadi Oktoba 2013, akajiuzulu. Kiti kikawa wazi tena kwa miezi 14, mpaka Seneti ilipomthibitisha rabi David Saperstein, Desemba 2014, kwa kura 62 dhidi ya 35. Ni katika pengo hilo la pili ambapo kundi la Dola ya Kiislamu liliteka Mosul nchini Iraq, Wakristo wa huko wakapewa masharti ya kusilimu, kulipa au kuondoka, na Wayazidi wa Sinjar, watu wa dini ndogo ya kaskazini mwa Iraq, wakauawa na kuchukuliwa mateka. Ukijumlisha mapengo yote mawili, katika miaka 8 ya Obama kiti kilikaa kitupu zaidi ya miaka 3.

Bunge lilijibu taratibu. Machi 2013 ofisi yake ya ukaguzi ilisema Wizara na Tume zinatekeleza wajibu wao lakini mwingiliano wao unahitaji kurekebishwa, lugha ya kikaguzi yenye maana kwamba hawa wawili hawaelewani. Desemba 2016 ikapita sheria iliyopewa jina la Frank Wolf, mbunge wa zamani wa Virginia aliyekuwa nyuma ya harakati hizi tangu miaka ya 1990. Sheria hiyo ilitamka kwamba balozi ataripoti kwa Waziri moja kwa moja, na ikaongeza orodha ya pili ya nchi za kuangaliwa kwa karibu, pamoja na uwezo wa kuyataja makundi yenye silaha ambayo si serikali.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, maana kinaharibu hadithi rahisi. Tarehe 24 Machi 2011, kiti kikiwa bado kitupu, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa mjini Geneva lilipitisha kwa maafikiano azimio namba 16/18. Kwa zaidi ya miaka kumi OIC ilikuwa ikileta maazimio dhidi ya kile ilichokiita kukashifiwa kwa dini, na kila mara nchi za Magharibi zikiyapinga kwa hofu kwamba yanahalalisha sheria za kukufuru. Azimio jipya liliiacha lugha hiyo. Badala ya kuilinda dini isikosolewe, lilielekea kwenye kumlinda mtu dhidi ya ubaguzi, chuki na uchochezi kwa sababu ya dini yake. Pakistan ndiyo iliyoliwasilisha kwa niaba ya OIC, wiki tatu baada ya Bhatti kuuawa. Upande wa Marekani kazi ilifanywa na ujumbe wake wa Geneva na uhusiano uliojengwa na OIC. Kwa hiyo anayesema kwamba bila balozi hakuna kilichofanyika, hasemi kweli. Huenda hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo Marekani ilifanikisha katika eneo hili kwa miaka ile, na liliwezekana kwa sababu milango mingine ilifunguliwa mapema.

Pengo lilionekana mahali pengine. Tofautisha ripoti na orodha. Ripoti iliendelea kutoka kila mwaka, kwa sababu kuiandika ni kazi ya watumishi wa kudumu wenye ratiba na fomu, kaimu anaitosha. Orodha ilisimama, kwa sababu kila jina lililomo linamuudhi mtu ndani ya Wizara hiyo hiyo, na kaimu hana cheo cha kuwaudhi wakubwa zake. Yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya mkuu anayekaimu, Dodoma au Nairobi, anaijua hali hiyo: barua zinajibiwa na vikao vinaitishwa, ila lile faili zito linabaki pale pale juu ya meza.

Je, vifo vya Baghdad, Alexandria na Islamabad vingezuilika? Sioni ushahidi wa hivyo, na wanaolidokeza hilo wanaupa wadhifa huu nguvu usiokuwa nayo. Balozi hana askari. Anachoweza ni kupiga simu kwa serikali husika kwa jina la Rais, kumpokea mjane au askofu ofisini na kulipeleka jambo lao juu, na kuhakikisha kwamba linabaki kwenye ajenda wiki mbili baada ya magazeti kulisahau. Hayo yalikosekana, au yalifanywa kwa kuazimana na watu wenye kazi nyingine.

Kuhusu kumchagua mhubiri asiye mwanadiplomasia, hukumu yangu ni ya katikati. Mtu wa dini anaaminika haraka na watu wa dini, na hilo si dogo. Lakini kwa mpangilio wa wakati ule, balozi alikuwa chini ya waziri msaidizi, hivyo alihitaji kuzijua korido kuliko kuijua mimbari. Kumleta mgeni wa serikali kwenye kiti kilichopungukiwa nguvu, baada ya miaka miwili ya ukiwa, kulikuwa kumpa mzigo mara mbili.

Marekebisho ya 2016 yaligusa swali la anaripoti kwa nani. Swali la lini yaliliacha lilivyokuwa. Ushahidi wake mzuri ni Rashad Hussain yule yule. Mwaka 2010 alitangazwa mjumbe kwa OIC na akaanza kazi. Mwaka 2021 Rais Joe Biden alimteua kuwa balozi wa uhuru wa dini, Mwislamu wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Jina lilikwenda Seneti Julai, na hata kwa mtu aliyepata kura 85 dhidi ya 5, uthibitisho ulikuja Desemba 16. Katikati ya kusubiri huko, Novemba, Wizara iliiondoa Nigeria kwenye orodha iliyokuwa imeingizwa Desemba 2020. Tume ilipinga, kama ilivyopinga kwa Vietnam miaka 15 nyuma; safari hii hata hivyo hapakuwa na balozi wa kutetea uamuzi huo wala wa kuupinga.

Mtangulizi wake, Sam Brownback, gavana wa Kansas, alisubiri tangu Julai 2017 hadi Januari 2018, kura zikafungana 49 kwa 49, na Makamu wa Rais Mike Pence akalazimika kuja ukumbini kuvunja sare. Ukiweka kura hizo kando ya zile 98 za mwaka 1998 unaona jinsi jambo lililokuwa la wote lilivyogeuka la vyama. Na mwishoni mwa Oktoba 2025 Rais Donald Trump alipotangaza kuirudisha Nigeria kwenye orodha, mteule wake wa kiti hicho, mbunge wa zamani Mark Walker, alikuwa ametajwa tangu Aprili na wakati huo alikuwa bado hajathibitishwa.